SANGARI NA UKOKA: NYASI ZINAZOLISHANA CHINI YA ARDHI

Kila mkulima wa nchi za juu za Kenya na Tanzania aijua sangari. Amelima, amepanda, na mvua ikisha kunyesha aona ncha zake zimetokea tena katikati ya mahindi. Wengi hudhani kwamba zatoka katika mbegu. Sivyo. Nguvu ya sangari haimo katika mbegu, bali katika mashina yake meupe yatambaayo chini ya ardhi.

MMEA MMOJA, WATOTO WENGI

Chimba taratibu kando ya sangari, nawe utaona shina lenye vifundo vingi. Kila kifundo kina jicho, na jicho hilo laweza kutoa majani juu na mizizi chini. Basi nyasi mia uzionazo huenda zikawa mmea mmoja tu.

Tena, maadamu shina halijakatika, hulishana. Mtoto aliye kivulini hupata chakula kwa mama aliye juani. Aliye penye udongo mkavu hupata maji kwa mwenziwe aliye penye unyevu. Mche wa mhindi hauna msaada huo. Akiba ya mbegu yake ikiisha, yaupasa kujitafutia wenyewe. Kwa hiyo mashindano yao ni ya yatima na ukoo mzima.

KATIKA MALISHO

Malishoni ziko nyasi za namna mbili. Kwanza zile za mafungu, kama Themeda, nyasi ndefu igeukayo nyekundu ikikomaa. Machipukizi yake husongamana mahali pamoja, hata mgeni hapati nafasi ya kupenya. Pili zile zitambaazo, kama ukoka, ambao hupeleka mashina mbali kutafuta mahali wazi, na ukipaona hutia mizizi.

Malisho yakipumzishwa, nyasi za mafungu hurefuka na kuutia ukoka kivuli, nao hudhoofika, kwa maana hauvumilii kivuli. Lakini wanyama wakizidi na kula pasipo kukoma, mafungu hupoteza majani, akiba yake huisha, nayo hufa. Ndipo ukoka, ambao mashina yake yamelala chini pasipofikiwa na midomo ya ng'ombe, huingia katika nafasi hiyo. Basi ukoka ukizidi malishoni, mara nyingi ni dalili kwamba mifugo ni mingi kupita kiasi. Hata hivyo usiung'oe, kwa sababu huushika udongo usichukuliwe na mvua. Punguza wanyama, au gawa malisho na kuyapumzisha kwa zamu.

KATIKA SHAMBA

Jembe likikata mashina ya sangari, kila kipande chenye kifundo chaweza kuwa mmea mpya. Lakini kipande kilichotengwa na mamaye kina akiba ndogo tu. Kwa hiyo kuikata mara moja ni kuipanda. Kuikata tena na tena, kabla haijapata majani mengi, ni kuimaliza nguvu. Yafaa kufanya hivi:

1. Lima wakati wa kiangazi, kwa jembe la meno likipatikana, maana huinua mashina bila kuyakatakata. Chimba mpaka chini yake.

2. Yakusanye mashina, uyaanike juani mpaka yakauke kabisa. Usiyatupe mpakani, wala usiyatie katika lundo la mbolea yangali mabichi.

3. Mvua ikianza, palilia kila chipukizi mara litokeapo. Likirudi, rudia. Ukingoja hata majani yawe mengi, akiba itakuwa imerudi chini, na kazi yako ya kwanza imepotea.

4. Panda mazao yafunikayo ardhi, kama viazi vitamu, kunde au maharagwe, ili sangari ikose jua.

Mwisho, uangalie sana ukingo wa shamba. Mkulima asafishaye katikati na kuacha ukingo amewaacha mama wakiwa hai, nao watawapeleka watoto wao ndani tena. Na kwa kuwa shina la sangari halijui mpaka wa mtu, heri majirani wapatane kuusafisha ukingo siku moja, pande zote mbili.