Zana za bei rahisi kwa simu: fundi wa Garissa ahesabu nini kabla ya kuagiza

Hapa Garissa, mabasi ya kutoka Nairobi hayashushi abiria peke yao. Hushusha na parseli, na siku hizi nyingi zina zana za mkono zilizoagizwa kwa simu: misumeno, patasi, randa, nyundo, spana. Wanaozipokea ni vijana wanaoanza ufundi. Mimi ni seremala, mzaliwa wa Lamu, na kazi yangu iko huku kwa miaka mingi. Jamaa zetu wa pwani wanaokuja kutafuta kazi za ujenzi, na hata walioko Hola na Garsen, huniuliza swali moja: "Ami, zana hizi za rahisi za mtandaoni zafaa au hazifai?"

Jibu langu ni kuwa zafaa, ila si zote. Agiza zana ambayo kasoro yake waweza kuiona na kuirekebisha kwa mkono wako. Ile ambayo kasoro yake imejificha ndani ya chuma, kainunue pale unapoweza kuishika kwanza.

Tuelewane kwanza kwa nini watu wanaagiza. Maduka ya mjini hapa yanaweka vitu vinavyotoka haraka: jembe, panga, misumari, mabati. Ukitaka patasi ya robo inchi au randa ya chuma namba 4, utaambiwa subiri. Zamani ungemtumia mtu hawala ya posta ukangoja. Tangu M-Pesa ilipoanza 2007, na maduka ya mtandaoni kama Jumia kuingia Kenya 2013, fundi anachagua zana usiku akiwa kitandani. Hilo ni jambo jema, nami sitaki kulibeza. Lakini wazee walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Bei unayoiona kwenye simu si bei ya zana. Tuseme seti ya soketi inauzwa shilingi 1,800. Parseli ya basi iwe 350 na bodaboda 100. Tayari ni 2,250. Ikifika mbovu, kuirudisha ni bodaboda na basi tena, 450 nyingine, na siku mbili tatu umekaa bila kazi. Wa Nairobi anarudisha kwa matatu mchana huohuo. Sisi tuko kama kilomita 370 kutoka Nairobi. Wa Wajir na Mandera hesabu yao ni kubwa zaidi. Kwa hivyo zana rahisi kwa mtu wa Nairobi yaweza kuwa ghali kwako wewe, ingawa ni ileile.

Pia tazama majira. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, Mto Tana ulifurika na barabara ikakatika upande wa Madogo. Mzigo ukakwama pamoja na watu. Ukiwa na kazi ya mkataba, usiagize zana yake mvua zikishaanza.

Sasa tuje kwenye zana zenyewe.

Randa ya chuma ya bei rahisi huja na tumbo lisilonyooka na kisu butu. Haya yote yanatengenezeka. Tandika msasa juu ya kioo kinene, sugua tumbo mpaka likae sawa, kisha noa kisu. Kazi ya nusu siku, na umepata randa. Jiliwa ndogo, vibano vya mbao, mpini wa tupa na mawe ya kunolea navyo agiza bila wasiwasi mwingi.

Msumeno una jambo lake. Misumeno mingi ya siku hizi ina meno yaliyounguzwa ncha, utaona weusi au ubuluu kwenye meno. Hayo ni magumu mno, hukaa na makali muda mrefu, lakini tupa haiyashiki. Yakiisha, msumeno umeisha. Kama huna fundi wa kunoa karibu nawe, huo wakufaa. Kama wewe mwenyewe hunoa, tafuta wenye meno meupe ya chuma cha kawaida, utakuzikia miaka.

Patasi iko katikati. Ikifika, pitisha tupa taratibu karibu na makali. Tupa ikiteleza au ikigusa kwa shida, chuma kimeiva. Ikila kama inakula msumari, patasi hiyo itapinda kwenye mninga siku ya kwanza. Maandishi ya "chrome vanadium" ubavuni usiyategemee peke yake, kwani muhuri ni rahisi kupigwa kuliko chuma kuivishwa.

Zana za kuogopa kuagiza ni nyundo, spana, soketi na koleo. Spana ya chuma laini hupanuka mdomo, inateleza kwenye nati, na vidole vyako ndivyo vinavyogonga ukuta. Nyundo iliyoivishwa vibaya inaweza kurusha kipande cha chuma machoni. Na jicho halina bei kwenye simu. Hizi zishike kwanza: spana uijaribu kwenye nati halisi, koleo uliinue kwenye mwanga uone kama midomo inakutana. Ukikosa huku, mwombe mtu wako aliyeko Nairobi au Mombasa aingie dukani akushikie yeye, kisha akupakilie kwenye basi. Huko nako ni kuagiza, ila kuna macho ya mtu katikati.

Zana za kupimia, yaani futi, skwea na pima maji, zijaribu siku zilipofika, kabla hujazifanyia kazi. Skwea ilaze kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, piga mstari, igeuze upande wa pili na upige mstari mwingine hapo hapo. Mistari ikiachana, skwea haiko sawa. Pima maji iweke mezani, soma povu limekaa wapi, kisha izungushe kichwa kiende mkiani. Povu likikaa kwengine, irudishe. Futi ilinganishe na ya fundi mwenzako unayemwamini. Majaribio hayo hayakuli hata dakika kumi, na yanaokoa fremu za milango.

Kuna jambo la hewa ambalo muuzaji wa mbali halijui. Kwetu pwani adui wa zana ni chumvi na kutu. Garissa adui ni ukavu. Mpini wa mti uliotengenezwa mahali penye unyevu ukifika huku hunywea, na kichwa cha nyundo au shoka kinaanza kucheza. Usiutie kwenye ndoo ya maji kama wengi wanavyofanya. Maji huvimbisha mti siku mbili, ukikauka tena unalegea zaidi ya mwanzo. Acha mpini ukae wiki mbili ndani ya nyumba uzoee hewa, kisha ugonge upya kwa kabari kavu na uupake mafuta ya kitani. Wanaokata mathenge kando ya mto walizingatie hili sana, maana mti ule ni mgumu, na shoka lenye kichwa kinachocheza ni hatari kwa aliye karibu.

Kuhusu malipo, shika kanuni moja: lipa baada ya kufungua boksi, inapowezekana. Muuzaji akikataa kabisa, na humjui, wacha. Tangazo lake lipige picha kwenye simu kabla hujalipa, pamoja na maelezo yote ya ukubwa na aina ya chuma. Fungua parseli mbele ya aliyeileta, na mwengine arekodi video.

Picha hiyo ina kazi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na inampa mnunuzi nafasi ya kuikagua. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari za kutosha. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, inayogusa mikataba ya mtandaoni. Wengi wetu huku tunaona sheria ni za watu wa Nairobi. Lakini ukimwandikia muuzaji kwa adabu, ukamwekea picha ya alichoahidi na picha ya alicholeta, mara nyingi mambo hubadilika bila kufika mbali. Bidhaa yenye alama ya KEBS nayo waweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 20023.

Na usimsahau mhunzi. Springi ya lori ni chuma kizuri sana. Mafundi wa jua kali, wa Kamukunji na wa miji yetu, hutoa humo panga, tezo na patasi ambazo haziaibiki mbele ya za viwandani. Ikiwa laini, unamrudishia aliyeitengeneza, anaitia moto tena ukiwa umesimama.

Kijana anayeanza na ana shilingi elfu tano, ushauri wangu ni huu. Asinunue seti ya vipande 46 kwa sababu boksi linapendeza. Anunue nyundo moja nzuri ya dukani, futi na skwea alizozijaribu, na patasi mbili za mhunzi. Randa na msumeno aagize, kwani hizo kasoro zake ataziona. Zilizobaki atazipata kwa pesa ya kazi yake mwenyewe, moja moja, na kila moja itakuwa ameijua kabla hajaibeba kwenda kwa mteja.