Kompyuta Inapotishia Familia

Mtoto anafanya kazi ya shule, mara kioo cha kompyuta kinajaa maandishi mekundu: "Kompyuta yako ina virusi! Piga simu namba hii." Mama mpendwa, usipige. Huo ni mtego wa matapeli. Maonyo halisi ya Microsoft, watengenezaji wa Windows, hayana namba ya simu.

Kwanza, kata intaneti. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari, ukifunge. Kisha ondoa programu ngeni zilizoingia siku hiyo. Hifadhi kazi zako, fungua Windows Security na uchague Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima na kuwaka, ikijikagua kwa dakika 15 hivi.

Kama tapeli alikwisha kuingia, badilisha maneno ya siri kwa kutumia chombo kingine, na uiarifu benki mara moja.

Ili yasirudi, acha Windows ijisasishe, na watoto wapewe akaunti isiyoruhusu kuweka programu. Zaidi ya yote, usimgombeze aliyebonyeza. Mtoto mwenye hofu huficha, na tapeli hupata nafasi.