Udhibiti wa Stomata Nyakati za Usiku katika Mkonge

Makala haya yanafafanua namna mkonge (Agave sisalana), zao lililoingizwa Tanganyika mwaka 1893 kutoka Florida, unavyofungua stomata zake usiku na kuzifunga mchana. Stomata ni vitundu vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke. Mmea unapovifungua ili kupata hewa ya ukaa, hupoteza maji. Maharage na mpunga huvifungua mchana, na kwa kila gramu 1 ya hewa ya ukaa inayopatikana hupotea takribani gramu 400 hadi 500 za maji. Kwa mimea ya kundi la mkonge, upotevu huo ni takribani gramu 50 hadi 100 tu, kwa kuwa hewa ya usiku ina ubaridi na unyevu zaidi.

Swali la msingi ni hili: kitu gani hufungua stomata pasipo mwanga? Usiku, kimeng'enya kiitwacho fosfoenolipiruvati kaboksileji hunasa hewa ya ukaa, na zao lake huhifadhiwa ndani ya vakuoli likiwa asidi ya maliki. Unasaji huo hupunguza hewa ya ukaa ndani ya jani. Seli linzi huitikia upungufu huo kwa kuingiza ayoni za potasiamu. Maji hufuata, seli huvimba na kitundu hufunguka. Kulipokucha, asidi hutoka katika vakuoli na kuvunjwavunjwa. Hewa ya ukaa hurundikana ndani ya jani, nazo stomata hufungwa ilhali jua linawaka. Usanisinuru huendelea nyuma ya milango iliyofungwa.

Mfumo huu huratibiwa pia na saa ya ndani ya mmea, ambayo huamua wakati wa kimeng'enya hicho kuamilishwa. Aidha, usiku wenye joto kali hupunguza ulimbikizaji wa asidi, na mmea wenye maji ya kutosha huweza kufungua tena stomata alasiri.

Hoja hizi zina athari za kimbinu. Mtafiti anayepima mkonge saa sita mchana pekee atahitimisha kimakosa kuwa mmea umedumaa. Kwa hiyo, vipimo vya hewa vifanywe kwa saa 24, na asidi ya jani ipimwe magharibi na alfajiri. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kielelezo cha kazi iliyofanyika usiku.