Sala katika Shule za Serikali huko Marekani

Leo twataka kuwaeleza habari ya shauri moja lililowagawanya watu wa Marekani kwa miaka mingi, wala halijakwisha hata sasa. Shauri lenyewe ni hili: je, yafaa watoto waongozwe kusali katika shule zinazoendeshwa kwa kodi ya watu wote?

Hapana budi tuanze na asili yake. Katika mwaka 1791 Wamarekani waliongeza katika Katiba, yaani sheria kuu ya nchi yao, maneno yanayoikataza Serikali mambo mawili: isiweke dini yo yote kuwa dini ya nchi, wala isimzuie mtu kufuata dini yake. Ugomvi wote wa baadaye umetoka katika mambo haya mawili.

Zamani shule nyingi zilianza kazi ya kila siku kwa kusoma Biblia na kusali. Walakini, Biblia ya nani? Katika mji wa Philadelphia askofu wa Kikatoliki aliomba, mwaka 1842, watoto wa Kikatoliki wasome Biblia ya kanisa lao, si ile ya Waprotestanti. Maneno yakazidi, chuki ikawaka, hata mwaka 1844 watu wakapigana njiani. Makanisa yakachomwa moto, na watu wengi wakafa. Nao wote walikuwa Wakristo.

Mwaka 1951 wakuu wa elimu wa jimbo la New York walitunga sala fupi ya maneno 22. Haikutaja dini yo yote. Iliwaombea baraka watoto, wazazi, walimu na nchi. Tena mtoto asiyetaka hakulazimishwa. Hata hivyo wazazi wa watoto 10 wakaenda kushitaki. Miongoni mwao walikuwamo Wayahudi, na mmoja asiyeamini dini yo yote.

Tarehe 25 Juni 1962 Mahakama Kuu ya nchi ikatoa hukumu: majaji 6 waliikataa sala ile, na mmoja akaikubali. Jaji Hugo Black alieleza kwamba si kazi ya Serikali kuwatungia watu sala. Jaji Potter Stewart hakukubali. Yeye aliona kwamba watoto wanaotaka kusali wananyimwa urithi wa taifa lao. Mwaka uliofuata Mahakama ikakataza pia shule kuongoza usomaji wa Biblia na Sala ya Bwana.

Wanaoitaka sala husema kwamba elimu isiyomtaja Mungu ina upungufu, na ya kuwa haifai walio wengi wanyamazishwe kwa ajili ya wachache. Wanaoikataa hujibu: ni kweli mtoto ana ruhusa kutoka nje, lakini ni mtoto gani mdogo atakayethubutu kuondoka peke yake mbele ya mwalimu na wenziwe wote?

Watu wengi hudhani kwamba kusali kumekatazwa kabisa shuleni. Sivyo. Mwanafunzi aweza kuomba kimya kabla ya mtihani, au kusali na rafiki zake saa ya mapumziko, mradi asivuruge masomo. Kilichokatazwa ni shule yenyewe kuongoza sala.

Lakini mpaka huo si rahisi kuuona. Mwaka 2022 Mahakama, majaji 6 kwa 3, iliamua kwamba mwalimu wa mpira katika jimbo la Washington alikuwa na haki ya kupiga magoti na kuomba uwanjani baada ya mchezo. Waliompinga walisema kwamba mvulana atakaye nafasi katika timu atapiga magoti ili ampendeze mwalimu tu.

Basi, ukitaka kulipima shauri hili, usiulize kama sala ni njema. Hata miongoni mwa wale walioshitaki walikuwamo watu wa dini. Uliza ni nani aiongozaye, na mtoto ambaye sala ile si ya kwao atafanya nini.