Kilomita Chache, Miaka Mingi

Januari 2020, gari aina ya Datsun 240Z la mwaka 1971 lilipigwa mnada Marekani na kununuliwa kwa dola 310,000. Magari ya aina hiyo yalipoingia sokoni nchini humo yaliuzwa kwa dola 3,526. Kilichowafanya wanunuzi wapandishiane dau kiasi hicho, pamoja na uzuri wa gari lenyewe, ni namba iliyokuwa kwenye dashibodi: maili 21,000 na ushei, yaani kilomita kama 34,000, kwa gari lililokaribia nusu karne.

Namba ndogo kama hiyo ina mvuto wa ajabu. Ulaya, Japani na Marekani kuna soko zima la magari ya michezo ya miaka ya 1970 hadi 1990 ambayo wenyewe waliyaingiza gereji, wakayafunika turubai, wakaendelea na maisha. Baada ya miaka mingi hutangazwa kwa maneno yanayofanana: mmiliki mmoja, kilomita chache, lilitunzwa ndani. Mnunuzi akisoma hivyo hujiona amepata gari lisilochoka. Lakini kipima kilomita huhesabu mizunguko ya gurudumu tu, na mengi yanayoliharibu gari lililoegeshwa hayangoji gurudumu lizunguke.

Petroli ndiyo huanza. Ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, na zile nyepesi, ambazo ndizo huiwasha injini ikiwa baridi, huvukiza mapema. Zinazobaki hukutana na oksijeni na kugeuka taratibu kuwa utomvu wa kahawia unaonata, ukaziba vijitundu vya kabureta na injekta. Kazi hiyo huanza ndani ya miezi, sembuse miaka. Petroli yenye ethanoli, ambayo siku hizi imeenea nchi nyingi, ina shida ya ziada: ethanoli hunyonya unyevu wa hewani, na maji yakizidi hujitenga na kutuama chini ya tangi. Tangi la chuma hapo huota kutu kwa ndani, mahali ambapo rangi inayong'aa nje haiwezi kumwonyesha mtu chochote.

Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu, hata gari likiwa limetulia. Kwa kiwango kinachoitwa DOT 4, mafuta mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakiingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinaruhusu yachemke kwenye nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo dereva hukanyaga breki na kanyagio likazama bila gari kusimama. Jambo hili halijitokezi mtu akilijaribu gari mtaani kwa dakika tano. Hujitokeza kwenye mteremko mrefu, breki zikiwa zimeshapata moto.

Hatari iliyojificha kuliko zote iko kwenye mpira. Porsche 944, iliyotengenezwa kati ya 1982 na 1991, ina injini ya silinda nne ambayo kamshafti yake huzungushwa na belti ya mpira. Belti hiyo ikikatika, pistoni hugonga vali na injini ikaharibika papo hapo. Mpira huzeeka hata usipofanya kazi: hukakamaa na kupasuka nyufa ndogo. Ndiyo maana 944 iliyotembea kilomita 30,000 ikiwa na belti ya miaka 15 inatisha kuliko nyingine iliyotembea kilomita 200,000 na kufungwa belti mpya mwaka jana. Kwa Ferrari F355 ya miaka ya 1990 gharama ni nzito zaidi, kwa sababu kazi ya kubadili belti hufanywa kwa kuitoa injini nzima. Datsun 240Z ina nafuu hapo, maana injini yake ya silinda sita hutumia mnyororo wa chuma.

Tairi pia ni mpira. Tarehe 30 Novemba 2013, mwigizaji Paul Walker, ambaye filamu za Fast and Furious zilimfanya ajulikane hadi kwenye vibanda vya video vya Afrika Mashariki, alifariki pamoja na rafiki yake aliyekuwa akiendesha Porsche Carrera GT ya mwaka 2005 huko Santa Clarita, California. Wachunguzi walisema gari lilikuwa kwenye mwendo wa kati ya maili 80 na 93 kwa saa, mahali palipowekewa kikomo cha maili 45. Mwendo ndio waliouona kuwa chanzo. Lakini walieleza pia kwamba tairi zilikuwa na umri wa miaka tisa. Tairi ya namna hiyo inaweza kuwa na kashata nzima zisizolika na bado ikawa imepoteza uwezo wa kushika lami. Ubavuni mwa tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 kuna tarakimu nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT: 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Kuzisoma hakuchukui hata dakika moja, na mnunuzi asiyezisoma anaweka maisha yake rehani.

Hata hiyo namba ya dashibodi inahitaji ushahidi. Magari mengi ya miaka ya 1970 yalikuwa na tarakimu tano tu, kwa hiyo yakifika 99,999 hurudi sifuri na kuanza upya. Maili 21,000 zinaweza kuwa 121,000. Kinachosema kweli ni faili la risiti za gereji na vyeti vya ukaguzi, kisha mpira wa kanyagio la klachi, ukingo wa kiti cha dereva, na usukani. Gari lililotembea kidogo haliwezi kuwa na kanyagio lililolika hadi chuma.

Kuegesha ndani nako si kinga ya kutosha. Mwaka 1957 wakazi wa Tulsa, Oklahoma, walizika gari jipya aina ya Plymouth Belvedere kwenye shimo la zege, ili lije kufukuliwa baada ya miaka 50. Lilipotolewa Juni 2007 lilikuwa limegubikwa na tope na kutu, kwa sababu maji yaliingia shimoni. Unyevu huo huo, kwa kipimo kidogo, hufanya kazi kwenye gereji yoyote isiyopitisha hewa, na hewa ya chumvi ya Mombasa au Tanga huongeza kasi. Mnunuzi wa Kenya ana sababu ya kulijua hilo: sheria huzuia kuingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, hivyo gari la zamani atakalolikuta kwa kawaida limekaa nchini miaka yote, na mahali lilipokaa ni sehemu ya thamani yake.

Inafaa kukumbuka kwamba sifa ya 240Z haikujengwa gereji. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mbio za Safari, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nayo tena akiwa na Lofty Drews, katika vumbi na matope yaliyoyamaliza magari mengi. Mashine hizi ziliundwa zitembee. Gari lililotolewa barabarani kila mwezi, likapata moto sawasawa na kubadilishiwa oili kwa wakati, ni ununuzi bora kuliko lile lililolala miaka 20, hata kama lina kilomita mara tatu zaidi.

Anayelipenda lililolala asikimbilie kuunga betri mpya na kupiga stata. Oili imeshuka yote chini, kuta za silinda zimebaki kavu, na ringi za pistoni huenda zimeshikwa na kutu. Fundi mzuri hutoa plagi, humimina oili kidogo kwenye kila silinda, huiacha ipenye hata kwa siku kadhaa, kisha huzungusha krenki kwa spana, kwa mkono, akisikiliza. Petroli ya kuwashia huitoa kwenye kidumu safi, si kwenye tangi la zamani.

Bei nayo ijadiliwe kwa hesabu hiyo: itolewe gharama ya tairi nne, belti na pampu ya maji, hozi zote, mipira ya breki, mafuta ya kila aina na usafishaji wa tangi, kabla ya kutaja kilomita. Ikiwa muuzaji anasema gari tayari linawaka vizuri, aombwe asiliwashe siku ya miadi hadi mnunuzi afike na aguse injini kwa mkono. Injini ya baridi ikiwashwa, moshi wa bluu wa sili za vali zilizokakamaa hutoka katika dakika ya kwanza.