Mpunga wa Chekereni na Mdudu wa Majini

Wewe unayesoma Kilema, siku isiyo na ukungu tazama chini tambarare. Huku juu ni migomba, kahawa na mifongo ya maji. Kule chini ni vumbi, miiba na joto, na mvua haifiki nusu ya mnayopata ninyi.

Lakini katikati ya ukavu huo kuna mashamba ya mpunga, kijani kabisa! Ni Chekereni na jirani zake Mabogini, Rau ya Kati na Oria. Chekereni ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kama kijiji cha ujamaa. Mwaka 1987 ukakamilika Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi, kwa mkopo wa Japani. Maji ya mito Rau na Njoro yakaingizwa kwenye mifereji kwa ajili ya hekta zipatazo 1,100. Wakulima wana ushirika wao, CHAWAMPU, na maji huenda kwa zamu. (Ugomvi haukosekani. Wakulima walio juu ya banio nao walianza mpunga, na maji hayawatoshi wote.)

Sasa utauliza, gazeti la afya linatafuta nini kwenye majaruba? Linatafuta mbu kwanza. Watafiti walilinganisha vijiji vya huko wakakuta jambo la ajabu: kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi zaidi, lakini malaria kidogo kuliko kijiji cha mahindi kisicho na umwagiliaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 na 2002. Sababu mojawapo waliyoitaja ni kipato: aliyeuza mpunga ana hela ya chandarua na dawa. Kwa hiyo ushirika mzuri nao ni kinga, ingawa hauuzwi duka la dawa.

Kichocho ni habari nyingine, maana hakijali chandarua. Mtu mwenye kichocho akikojoa au kujisaidia majini, mayai huanguliwa. Vijidudu huingia ndani ya konokono, hukaa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu, hasa jua la mchana. Hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu. Kwa hiyo ukishuka likizo kumsaidia mjomba kupanda mpunga, au ukaoga mferejini, umeshakutana nao. Gambuti husaidia, ingawa kwenye tope la jaruba hata mimi najua zinanasa. Maji ya kuoga yakikaa ndani ya pipa lililofunikwa siku mbili, vijidudu hivyo hufa.

Kaka, ukiona damu kwenye mkojo, usidanganywe kwamba ndiyo kubalehe. Na wewe dada, mayai hayo yanaweza kukwama kwenye shingo ya kizazi, yakaleta vidonda na damu, na huweza kurahisisha VVU kuingia. Wasichana wengi hunyamaza wakiogopa kuambiwa wana ugonjwa wa zinaa. Aibu ya nini, na ni maji ya shamba?

Dawa ipo, prazikwanteli. Hupimwa kwa uzito au urefu wako na mara nyingi humezwa mara moja tu, baada ya kula. Ukirudi majini, unaweza kuambukizwa tena. Kwa kichocho cha tumbo utapeleka choo. Kwa cha kibofu, mkojo. Mkojo huo utoe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapokuwa mengi.