Kutoka mpafu wa Kama hadi meza ya Ulaya: tujue njia kabla ya kutoa mchango



Katika mazungumzo ya amani tunayofanya na wakaaji wa Kama, jimbo la Maniema, kuna swali linalorudi kila mara: ikiwa watu wa Ulaya wananunua zeituni kwa bei nzuri, kwa nini wasinunue matunda yetu ya mpafu? Swali hili si la mchezo. Kuna mtu alipita akisema anatafuta "zeituni ya Afrika" kwa ajili ya soko la nje, akaomba kila mama wa kikundi atoe mchango wa vibali. Alikwenda, hakurudi. Kilichobaki ni ugomvi. Mama aliyempokea anaitwa mwizi, na jamaa mbili hazisalimiani tena kwa sababu ya mipafu iliyo kwenye mpaka wa mashamba yao. Ndiyo maana tumeona vema kueleza namna tunda la chumvi linavyoingia katika soko la kigeni, ili siku nyingine wakaaji waweze kumhoji mgeni wenyewe.

Zeituni haiuzwi kama ilivyochumwa

Zeituni ikitoka mtini ni chungu sana, haiwezi kuliwa. Wahispania huloweka zeituni za kijani katika soda kali, ile inayotumiwa kutengeneza sabuni, kisha huziosha na kuziweka katika maji ya chumvi zichachuke. Wagiriki huacha zeituni nyeusi ndani ya maji ya chumvi kwa miezi mingi, bila soda. Zikichachuka, maji yanakuwa na asidi, na asidi pamoja na chumvi ndizo zinazolinda tunda lisioze.

Tunda la mpafu linafanana na zeituni kwa umbo na kwa mafuta yake, na likiiva huwa jeusi la zambarau. Lakini mpafu si ndugu wa mzeituni. Ni wa jamii moja na mti wa safu. Sisi hulilainisha tunda lake katika maji ya moto kiasi na kulila kwa chumvi, kama wafanyavyo pia watu wa Uganda na Kameruni. Tunda lililolainishwa asubuhi huliwa siku hiyo hiyo. Mnunuzi wa Ulaya anataka chupa inayokaa miezi mingi dukani. Kazi yote iko katika tofauti hiyo.

Kazi hiyo ina hatari yake. Ndani ya chupa iliyofungwa, pasipo hewa, kinaweza kuota kijidudu kinachotoa sumu ya botulizimu. Asidi hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, na ikiwa 4.6 au chini yake, kijidudu hicho hakioti. Mwaka 2011, huko Finlandi, watu wawili waliugua botulizimu na mmoja akafa, baada ya kula zeituni zilizojazwa lozi kutoka Italia. Ikiwa jambo hili liliwapata wenye viwanda na mazoea ya miaka mingi, basi sisi hatuwezi kuanza kwa kukisia kwa macho na ulimi. Bila kipimo, hakuna chupa ya kuuza mbali.

Mlango wa Ulaya

Kwa upande wa ushuru, mlango uko wazi. Tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya unapokea bidhaa za nchi maskini zaidi, Kongo ikiwemo, bila ushuru wa forodha, kwa mpango uitwao "Kila kitu isipokuwa silaha". Kizuizi kiko mahali pengine.

Chakula ambacho hakikuliwa kwa wingi ndani ya Umoja wa Ulaya kabla ya 15 Mei 1997 kinaitwa "chakula kipya", nacho hakiuzwi bila ruhusa. Zeituni haina shida hiyo. Anayetaka kuingiza tunda la mpafu lazima kwanza ahakikishe tunda liko upande gani wa tarehe hiyo. Kanuni inayotumika tangu Januari 2018 imefungua njia fupi kwa vyakula vya asili vya nchi nyingine: kuonyesha kwamba watu wengi wamekila chakula hicho salama kwa miaka 25 au zaidi. Baada ya ombi kukubaliwa kuwa limekamilika, nchi wanachama na mamlaka ya usalama wa chakula zina miezi 4 ya kutoa pingamizi.

Fonio, nafaka ya Afrika Magharibi, ilipita njia hiyo mwaka 2018. Unga wa ubuyu ulipewa ruhusa mwaka 2008, chini ya sheria ya zamani. Ombi la ubuyu lilipelekwa na PhytoTrade Africa, chama cha biashara ya mazao ya asili kusini mwa Afrika, na la fonio na kampuni ya Italia. Hakuna kikundi cha kijiji kilichobeba mzigo huo peke yake. Kwa hiyo, mtu anayekusanya franka za akina mama kijijini kwa ajili ya "vibali vya Ulaya" anadai kitu kisicholipwa kwa namna hiyo.

Mlango wetu wenyewe

Kabla ya Ulaya kuna Kongo. Sheria ya misitu ya 29 Agosti 2002 inawaruhusu wakaaji kutumia mazao ya msitu kwa mahitaji yao, lakini si kuyauza, isipokuwa matunda na mazao fulani ambayo orodha yake hutolewa na gavana wa jimbo. Swali la kwanza, basi, ni la Kindu: je, mpafu uko katika orodha? Tangu mwaka 2014 kuna pia njia ya msitu wa jamii, ambapo jamii inaweza kupewa hadi hekta 50,000 kuzisimamia yenyewe. Halafu kuna ukaguzi wa ubora wa OCC na forodha ya DGDA.

Tena kuna safari. Kutoka Kindu mzigo hushuka mto Lualaba hadi Ubundu, unapanda treni hadi Kisangani, kisha mto tena hadi Kinshasa. Ama huenda kusini kwa reli, ikiwa treni inatembea. Kabla ya hapo kuna vijana wanaosukuma kinga kutoka vijijini, na kila bariyeri inaomba chake. Chupa ni nzito na yavunjika, na bei ya tunda inaliwa njiani.

Amani iko wapi katika habari hii?

Iko katika kugawana. Si kila mpafu unazaa, kwa maana kuna miti dume na miti jike. Siku tunda litakapopata bei, mti jike ulio mpakani utakuwa mali ya kugombaniwa. Huko Minova, Kivu ya Kusini, ushirika wa kahawa Sopacdi uliozaliwa mwaka 2003 umekusanya wakulima wa makabila mbalimbali baada ya vita. Huko Uingereza, Zaytoun, iliyoanza mwaka 2004, inauza mafuta ya zeituni ya wakulima wa Palestina. Soko la mbali linahitaji watu waliopatana na wenye hesabu iliyo wazi, tangu kabla ya mzigo wa kwanza.

Kwa hiyo tunawashauri wakaaji wa Kama waanzie kwenye soko la Kindu, na kabla ya kutoa hata franka moja wamwulize mgeni haya:

1. Ni nani atakayenunua, na mkataba wake uko wapi?
2. Ni nani atakayepima asidi ya maji ya chumvi, na kwa kifaa gani?
3. Mpafu uko katika orodha ya gavana?
4. Miti ya nani itachumwa, na mashahidi ni akina nani?

Swali la nne halimhitaji mgeni. Jamaa mbili tulizozitaja zinaweza kukaa mbele ya wazee wiki hii, zikahesabu miti na kuandika. Hata kama hakuna chupa itakayotoka Kama kwenda Ulaya, miti itakuwa imejulikana ni ya nani, na salamu zitakuwa zimerudi.